Mwaka Niliomtafuta Deo Jangwani

Wairimu alikuja Kigali mwezi uliopita kwa harusi ya mtoto wa dada yake, akanipigia simu tuonane kwenye mgahawa wa Gisimenti. Tulikuwa hatujaonana tangu tukiwa wasichana. Nilimtambua kwa sauti kabla sijauona uso: alikuwa akimgombeza mhudumu kwa sababu ya chai iliyochelewa, kwa Kiswahili cha Nairobi kisichojua kusubiri, na mhudumu akimjibu kwa upole wa huku, "Maman, chai iko inakuja, usikasirike." Aliponiona akainuka kwa shida, maana sukari imeshamharibu mguu mmoja, akaniita "Mrundi" mbele ya watu wote. Mimi si Mrundi. Ni Mnyarwanda niliyelelewa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na jambo hilo nilimweleza Wairimu mwaka mzima tuliopika pamoja, asielewe wala asitake kuelewa. Zikaletwa brosheti, yaani mishikaki ya mbuzi, na ndizi za kukaanga. Nikala kidogo kidogo, nimeinamisha kichwa, kama nilivyofundishwa nyumbani kwamba mtu mwenye adabu haonyeshi watu kinywa chake kikitafuna. Wairimu akacheka. "Bado unakula kama mtu anayeiba," akasema. Kisha akaacha kucheka, akafuta mikono, akaniambia amekuja na neno ambalo hataki kuzikwa nalo. Lilimhusu kaka yangu Deo. Nilikaa pale mpaka chakula kikapoa, mvua ikanyesha, ikakatika, na nilipopanda pikipiki kurudi Kicukiro dereva alilazimika kuniuliza mara tatu nashukia wapi.

Habari za ukoo wetu sitazisimulia, hazina nafasi hapa. Inatosha kujua kwamba Deo alinitangulia kuzaliwa, kwamba alikuwa fundi wa injini, na kwamba alikwenda Kenya kutafuta kazi akaacha kusikika. Mama aliniita jikoni, akaniambia, "Nenda umlete kaka yako." Hakusema "ukimpata." Nikafika Nairobi sijui pa kuanzia, nikawa nauliza kwa madereva wa malori, mpaka mmoja wao akaniambia amemwona kijana anayeongea Kiswahili cha Burundi, fundi wa mashine ya kuchimba visima, mbali sana kaskazini, pembeni ya jangwa la Chalbi, huko Kalacha. Kule walikuwa wakienda watu wa aina mbili tu ukiwatoa wafugaji wenyewe: madereva, ambao hawakubali kubeba msichana bila masharti yao, na wazungu wa matembezi. Palikuwa na kampuni moja iliyowatembeza wazungu jangwani kwa siku nyingi, ngamia wakibeba mahema na maji, wao wakitembea nyuma ya kiongozi. Kampuni hiyo ilikuwa inapata wageni wengi wanaoongea Kifaransa na haikuwa na mtu wa kuwaelewa. Mimi Kifaransa nilikuwa nacho. Nikaambiwa nitapika na nitatafsiri. Wenzangu walikwenda kwa mshahara, wazungu walikwenda kutazama, mimi nilikwenda kumtafuta Deo, na jambo hilo sikumficha mtu yeyote.

Mimi na Wairimu tulipewa chumba nyuma ya ghala la kampuni, chumba chenye harufu ya turubai na mafuta ya taa, vitanda viwili na kamba ya nguo katikati. Ukuta ulikuwa wa mbao. Upande wa pili madereva walikaa wakinywa chai na kutusema, na jioni ya kwanza niliwasikia wakibishana kama yule Mrundi mwembamba atafika hata Marsabit. "Huyo atalia akiona mchanga," mmoja akasema. Wairimu akaugonga ukuta kwa mwiko na kuwajibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ndivyo urafiki wetu ulivyoanza. Alinifundisha kupika makaroni kwa maji machache, kuoka mkate kwenye sufuria yenye makaa juu na chini, na kutomwachia mtalii mlango wa hema la chakula. Safari za mwanzo wa mwaka zilipita upande mwingine, kwenye ziwa, na kila tulipokuta watu niliuliza. Fundi, mrefu, bega la kushoto limeshuka kidogo anapotembea. Hakuna. Nilirudi Nairobi, nikala ugali na sukuma na Wairimu tumekaa kitandani, nikasubiri safari nyingine. Leo nikiwaona wajukuu wangu wanavyolia kwa simu isiyoshika mtandao nakumbuka kwamba mimi nilikaa mwaka mzima nikiwa na tumaini moja tu, na tumaini lenyewe ni neno la dereva wa lori.

Safari ya mwisho wa mwaka ndiyo iliyopangwa kupita Kalacha. Kiongozi alikuwa Guyo, Mgabra wa makamo, mtu mkavu, mwenye viatu vya tairi, asiyeongea bila sababu. Kiswahili chake kilikuwa kifupi lakini kilitosha. Alikuwa na sheria zake: mtu ananywa anapoambiwa, si anaposikia kiu, na kila asubuhi wageni waulizwe rangi ya mkojo wao. Wa kuuliza ni mimi. Jamani, mimi niliyekuwa naona aibu kutafuna mbele za watu, nilisimama mbele ya mama mmoja wa Kifaransa mwenye kofia pana, tuliyemwita Madame, nikamuuliza kwa lugha ya shule ya masista kama mkojo wake leo ni wa rangi ya majani ya chai au ya limau. Guyo alikuwa akisubiri jibu bila kutabasamu. Nilimpenda kwa hilo. Kabla hatujaanza kutembea, tukiwa kwenye visima vya North Horr, nilimwendea nikamweleza habari za Deo, nikamwomba awaulize wafugaji waliokuwa wakinywesha ngamia. Akaitikia kwa kichwa.

Kwanza niliona jinsi wanavyosalimiana. Amani? Amani. Watu amani? Amani. Ngamia amani? Amani. Hata mzee mmoja ambaye ngamia wake walikuwa wamekwisha kwa ukame, kila mtu anajua, alijibu amani mpaka mwisho, na ni baada ya chai tu ndipo alipoeleza wamekufa wangapi. Guyo alikaa na wazee wale muda mrefu, wamechuchumaa, wakichora chini kwa vijiti. Nilikuwa nakatakata vitunguu na macho yangu yako kwao. Aliporudi hakunitazama. Nikamuuliza, "Wamesemaje?" Akasema, "Sisi itembee kwanza." Nikarudi kwenye vitunguu vyangu, sikuuliza tena. Pale ndipo nilipokosea, na si kosa la mtu mbaya. Watu wa Buyenzi husema kuuliza si ujinga, lakini ndani ya nyumba ya mama yangu kumuuliza mtu mzima jambo moja mara mbili ilikuwa ni kumtukana, kana kwamba hakusikia au anasema uongo. Aliyeulizwa amesikia, mama alisema, atakujibu akiwa tayari. Na kwa Guyo, nilivyokuja kuelewa, habari ya msiba haifunguliwi kwa mtu aliye njiani, maana mwenye msiba huacha kunywa maji, na asiyekunywa pale hafiki. Angenijibu vipi, labda, kama ningemng'ang'ania kwa mayowe kama Wairimu alivyojua kung'ang'ania? Sijui. Mimi nilimngoja Guyo, Guyo aliungoja mwisho wa njia, tukaivuka Chalbi yote, kila mmoja na adabu zake.

Wazungu waliita mahali pale pazuri. Mimi sikupaona uzuri, sitajidai leo kwa sababu naandika. Ardhi ni nyeupe, ngumu, yenye chumvi inayopasuka chini ya mguu, na mbele yako daima kuna maji yasiyokuwepo. Mimi ni mtoto wa Ziwa Tanganyika, maji nayajua, na kila mchana lile ziwa la uongo lilinivunja moyo. Likitokea doa jeusi mbali, mtu au ngamia au kichaka, nilijikuta nanyoosha shingo nitazame kama lina bega lililoshuka. Halikuwa nalo. Chakula chetu kilikuwa makaroni, maharage ya kopo, mkate wa sufuria, na jioni maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi ambayo Guyo aliyanunua kwa wafugaji. Siku ya kwanza yale maziwa yalinikumbusha nyumbani nikataka kulia. Wachunga ngamia walikuwa wakizungumza kwa lugha yao, na ndani ya maneno yao nililisikia neno "Mrundi" mara kwa mara. Nikisogea na birika, wanakaa kimya. Nilidhani wananicheka. Wairimu naye alikuwa amenigeuka na kuwa askari: kila tukisimama ananishindilia kikombe. "Kunywa, Mrundi. Yote. Nionyeshe chini ya kikombe." Nilimwambia mimi si ng'ombe wake. Na jioni moja nikiwa naosha sahani nilimsikia Madame akimwambia mumewe kwa Kifaransa kwamba msichana huyu ana uso wa mtu aliyetoka mazikoni, kampuni ingeleta mtu mchangamfu kidogo, watu wamelipia kufurahi. Sikukasirika. Kesho yake nilijitahidi kuimba nikipika. Niliimba nyimbo zote za Buyenzi nilizozijua.

Sasa nafika siku yenyewe. Ilikuwa saa ya mchana ambayo kwa kawaida tulijificha penye miti, na Guyo alikuwa ametupindisha njia tangu asubuhi, tukaacha mstari wa miti, tukaenda kusimama mahali pasipo na kivuli hata cha sindano. Palikuwa na lundo la mawe meusi tu. Wazungu walinung'unika, mimi ndiye niliyetafsiri manung'uniko, na nikaongeza ya kwangu. "Guyo, hapa tutapikaje? Upepo huu, jua hili?" Akasema, "Hapa ipumzike." Jiko letu la chuma lilikuwa limevunjika mguu siku iliyotangulia, ngamia alipolilalia. Mpishi asiye na jiko anatafuta mafiga, ndivyo tulivyozaliwa tukaona. Nikazunguka, ardhi yote ni chumvi, hakuna jiwe popote ila kwenye lile lundo. Nikaenda nikachagua matatu yaliyolingana, nikayabeba moja moja tumboni, nikayapanga, nikawasha moto. Guyo aliponiona na jiwe la kwanza alisimama kama mtu aliyeitwa. Kisha akaenda kukaa upande wa pili wa ngamia. Nikapika, nikiimba. Wakala, nami nikala. Tulipomaliza, Guyo aliyachukua yale mawe kwa kitambaa yakiwa bado ya moto, akayarudisha moja moja kwenye lundo, akiyageuza mpaka yakae sawasawa. Nikamtania. "Guyo, hata mawe ya jangwani yana mwenyewe?" Akasema, "Iko na mwenyewe." Nikacheka.

"Yule hakuwa anapanga mawe, Espe," Wairimu aliniambia Gisimenti, mara ya kwanza maishani mwake kuniita kwa jina langu. "Alikuwa anamfunika."

Aliniambia yote, taratibu, mhudumu akija na kuondoka. Lori la wachimba visima lilivunjika ekseli katikati ya Chalbi. Deo ndiye aliyekuwa fundi, akaona ni kazi yake kwenda kwa miguu kutafuta msaada, akatoka peke yake na maji kidogo. Wafugaji walimkuta amelala. Walimzika palepale alipoangukia, na kwa kuwa mahali pale hapana mawe, waliyaleta kwa ngamia kutoka mbali, mzigo baada ya mzigo, kwa ajili ya mgeni wasiyemjua hata jina. Hayo ndiyo Guyo aliyoambiwa North Horr. Aliwaambia wachunga ngamia na akamwambia Wairimu, ili anitazame nisiache kunywa. Akaamua kuipindisha njia kwa sababu, alisema, damu isipite mbali na damu. Alitaka tukifika Marsabit aweze kuniambia, kaka yako amekufa lakini umekwisha kukaa naye, umempumzikia. Ndiyo zawadi aliyokuwa ameniandalia. Halafu akaniona na jiwe. "Tungekuzuia ungeuliza kwa nini," Wairimu akasema. "Na ungeuliza kwa nini, ungekaa pale usiondoke. Baadaye Guyo akasema, nikimwambia kaburi, lazima nimwambie na mawe. Akatuapisha tusikuambie."

Kalacha tulilala usiku mmoja tu, na kila niliyemuuliza habari za Deo alinielekeza kwa Guyo. Marsabit nakumbuka kila kitu. Ilikuwa nyumba ya wageni ya mtu mmoja Msomali, chumba chenye rangi ya kijani nusu ukuta, meza yenye kitambaa cha nailoni, baridi ya mlimani baada ya joto lote lile. Wazungu walikuwa wamekwenda kuoga. Guyo aliniletea wali na nyama ya mbuzi, akakaa mbele yangu, akanisubiri nimalize, na mimi kwa aibu zangu nikawa nakula polepole, yeye akingoja. Akanipa chai, akangoja nimalize chai. Wairimu alikuwa amesimama mlangoni ananipa mgongo. Ndipo Guyo akasema, "Ndugu yako ilikufa. Watu ilizika yeye vizuri." Nikamuuliza wapi. Akasema, "Huko nyuma." Nikamwambia twende. Akatikisa kichwa: mvua zilikuwa zimeanza kule chini, Chalbi ikinyeshewa inageuka tope, hapiti ngamia wala gari. Hiyo ilikuwa kweli. Sikulia mbele yao. Kwetu machozi tunayameza, na mimi niliyameza vizuri sana, hata Madame hakujua, tuliporudi Nairobi akanishukuru kwa nyimbo.

Mama hakuniuliza mengi. Nilipomwambia Deo amekufa alikaa chini kwenye sakafu ya jiko, akauliza kama nimefika alipolala. Nikasema sikufika. "Hata udongo wake hukuniletea," akasema. Alilirudia neno hilo kila mwaka, bila ukali, Bujumbura na baadaye hapa Kigali tuliporejea, mpaka akafa nalo. Na hapa, miaka iliyofuata, nimeishi na majirani waliotafuta miili ya watu wao waliouawa. Mmoja alionyeshwa mahali baada ya muda mrefu. Nilimsindikiza, nikamshika mkono wakati wa kuchimba, nikambeba alipoishiwa nguvu. Nikamwonea wivu. Mungu anisamehe, palepale, mbele ya yale yaliyotolewa ardhini, nilimwonea wivu jirani yangu kwa sababu yeye aliitwa akaambiwa, ni hapa.

Nilimuuliza Wairimu kama anaweza kunionyesha. Niko tayari, nilisema, nina pensheni, nina watoto wa kunisindikiza, nitatembea hata kwa fimbo. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuizoea kwake. Guyo amekufa zamani. Wachunga ngamia hawajulikani walipo. Kampuni ilifungwa. "Mimi siku ile sikutazama mahali," akasema. "Nilikuwa nakutazama wewe." Basi amebaki mtu mmoja tu aliyekuwepo na ambaye angeweza kukumbuka, naye ni mimi.

Tangu siku hiyo nakaa barazani kwangu Kicukiro na kujilazimisha. Binti yangu anadhani ni uzee, ananiletea chai, anasema, "Mama, ingia ndani, kuna baridi." Najaribu kurudi pale. Nakumbuka maji yalichelewa kuchemka kwa sababu ya upepo. Nakumbuka nyanya za kopo, vitunguu, chumvi iliyozidi kidogo, Madame akiomba aongezewe. Naukumbuka wimbo nilioimba, beti zote. Lakini jua lilikuwa upande gani, kulionekana mlima kulia au kushoto, kulikuwa na njia ya ngamia au hapana, sikumbuki hata kimoja, kwa kuwa siku ile sikuwa na sababu ya kutazama. Mama alinituma nimlete, nami nilimfikia. Nilikaa kwake mchana mzima, nikapika, nikala, nikaondoka bila kumsalimia.